Damu ya Mara ya Tatu

Dokotera hakuwa mtu wa kupeana mkono. Ninaanza na hilo kwa sababu ndilo watu wa kwetu Masisi walilolishika kwanza, na wengine mpaka leo hawajamsamehe. Unafika kwenye boma asubuhi, mwenye boma anatoka, anapangusa kiganja kwenye koti, anakunyooshea mkono, na wewe unaurudisha wako nyuma na kuinamisha kichwa. Kwetu mtu anayekataa mkono ana ugomvi na wewe. Yeye aliukataa kwa wazee, kwa mapadri, kwa mkuu wa kijiji, na mara moja kwa ofisa mmoja aliyekuwa na askari wawili nyuma yake.

Sababu alikuwa nayo. Kitu alichokitafuta ndani ya damu ya ng'ombe kinaitwa RNA, na ngozi ya mtu, hata iliyooshwa kwa sabuni, ina kitu kinachoikatakata RNA hiyo mpaka isisomeke tena. Kwa hiyo alivaa glavu tangu barabarani, na akiisha kuzivaa hakugusa kitu kisicho cha kazi. Muuza maziwa mmoja alimwambia kwamba wao wanakamua na mikono hiyohiyo, na maziwa hayaharibiki. Dokotera alicheka mpaka akashika mbavu, halafu akatazama glavu zake, akaona ameshika koti lake, akazivua na kuvaa nyingine.

Damu ikishatoka na tyubu zikishafungwa, alivua glavu na kuanza kusalimia upya. Alizunguka boma zima, wakubwa kwa wadogo, na kama kuna mtu alikwenda kukata majani ya ndama, alimfuata kulekule mlimani ampe mkono. Watu walisema huyu anasalimia wakati wa kuaga. Mimi niliyekuwa nimechoka, na njia ya kurudi ni ndefu, nilikuwa nasimama na begi begani nikimsubiri amalize salamu zake, na moyoni nikimtukana kidogo.

Mimi nilikuwa mwandishi wake. Nina diploma ya shule ya sekondari na mwandiko unaosomeka, na zaidi ya hayo nawajua ng'ombe kwa sura. Nimezaliwa kwa watu wa jembe, maharagwe na viazi, watu walioishi kwenye vilima vya Masisi tangu zamani, lakini niliolewa kwa wafugaji. Mawifi zangu waliniita mtoto wa maharagwe aliyeangukia kwenye maziwa. Nilijifunza ng'ombe kwa ukaidi, ili wasinicheke, na mwishowe niliwajua kuliko wao. Dokotera alinichagua kwa sababu hiyo. Yeye aliangalia mshipa wa shingo, saa yake na barafu yake. Kumtambua mnyama, jina, rangi na alama ya sikio, aliniachia mimi na daftari langu.

Hakukaa. Sijawahi kuona mwanamke mzima asiyekaa namna ile. Ukimpa kiti anaweka begi juu yake. Alikula akiwa amesimama, alisali misa akiwa amesimama mlangoni, jicho moja altareni, jicho lingine kwenye sanduku lake la baridi. Hata akilazimishwa kuketi, goti lake la kulia lilitikisika mpaka benchi zima likatetemeka, na kina mama waliokaa naye wakawa wanashika vikombe vyao. Baba mkwe wangu alimwambia maziwa hayanywewi wima. Akaketi, akayamaliza kwa pumzi moja, akasimama. Usemi wake ulikuwa mmoja: "RNA haingojake muntu." Aliusema kwa dereva wa pikipiki, aliusema kwa mvua, na siku daraja lilipokatika aliuambia mto.

Utulivu wake wote aliuweka kwenye vidole. Mtu ambaye hawezi kungoja chai ichemke, akishika sindano alikuwa polepole mpaka ng'ombe wenyewe walilegea. Aliwasemesha kwa sauti ya chini, sijui kwa lugha gani, nadhani ya nyumbani kwao. Akimaliza, mwendo unarudi, na sisi sote tunakimbia.

Hata cheo chake, sisi ndio tuliompa. Chuo kilikuwa bado hakijampa. Alikuwa anautafuta udaktari wa masomo, na kazi hii ya damu ndiyo ingempa. Lakini kwetu mtu mwenye sindano na koti jeupe ni dokotera, kwisha. Watu walimletea ndama wagonjwa, kuku wasiokula, hata mzee mmoja mwenye gauti. Aliwaambia wazi kwamba hatibu, kwamba anasoma tu. Walimsikiliza kwa heshima, kesho yake wakarudi na ndama wengine. Alikasirika, akasema tunampotezea saa, halafu nikamwona nyuma ya ghala anapigia simu daktari wa mifugo, anamsihi apande mlima. Mara moja ndama alikufa mikononi mwake kabla ya huyo daktari kufika. Alitoa damu kwanza, akalia baadaye. Nilimchukia kwa ile damu na nikampenda kwa yale machozi, yote kwa siku moja.

Sasa niseme alitafuta nini, maana bila hilo hamtaelewa kosa langu.

Kuna ugonjwa wa kupe unaoitwa ikibagarira. Ng'ombe anavimba matezi, anawaka homa, anahema kama mtu aliyepanda mlima na gunia, na mara nyingi anakufa. Lakini wako wanaougua na kupona. Dokotera alitaka kujua ndani ya damu ya hao wanaopona kunatokea nini. Alitueleza jioni moja, sisi tukiwa kwenye zizi la baba mkwe wangu. Ndani ya mwili, alisema, kuna maandishi ambayo mnyama amezaliwa nayo na hayabadiliki mpaka afe. Mwili unanakili vipande vya maandishi hayo, na nakala hizo ndizo RNA. Nakala nyingi zina kazi inayoonekana: zinatengeneza nyama, maziwa, askari wa kupigana na ugonjwa. Lakini kuna nyingine ndefu sana ambazo hazitengenezi chochote. Wasomi wa zamani walizipuuza, wakaziona takataka.

Baba mkwe wangu, ambaye hakuwahi kukalia dawati, alimuuliza: "Sasa hiyo kitu inafanyaka kazi gani?"

"Papa, yenyewe haitengenezake kitu. Inaambiaka wengine saa gani bafanye, na saa gani banyamaze."

Mzee alifikiri, akageuza fimbo yake mkononi. "Aa. Basi iko protokole."

Kwetu kila harusi ina mtu wa protokole, yule mwenye skafu begani anayepanga nani aketi wapi na nani aseme sasa. Haleti mbuzi, hapiki, haimbi. Lakini akikosekana, harusi inageuka soko. Dokotera akalitoa daftari kwenye mkono wangu na kuliandika neno lile mwenyewe. Tangu siku hiyo hakulieleza jambo lake kwa namna nyingine. Aliniambia hata mbele ya maprofesa wake alilisema hivyohivyo, na akawaambia ni maneno ya mfugaji mmoja wa Masisi. Nilipompa baba mkwe wangu habari hiyo, alisema tu kwamba chai imepoa, lakini nilimwona anatembea kwa mabega mapana mpaka Jumapili.

Kwa kazi yake, kila ng'ombe alitakiwa atolewe damu mara tatu: akiwa mzima, akiwa mgonjwa, na akishapona. Ng'ombe yuleyule. Hapo ndipo penye shida, kwa sababu huku kwetu ng'ombe hawakai. Vita vikisogea, watu wanahamisha mifugo, wanauza, wananyang'anywa. Dokotera alianza na zizi baada ya zizi, na mwezi baada ya mwezi wakawa wanamponyoka. Waliougua wakapona na bado wakaonekana walikuwa wachache mno, na katika hao aliyekuwa nguzo ni Bihogo, ng'ombe wa baba mkwe wangu. Bihogo aliugua vibaya, akalala chini siku kadhaa, akaamka. Damu yake ya ugonjwa ilikuwa imejaa ile protokole kuliko ya ng'ombe yeyote. Dokotera alimwambia mzee kwamba kila kitu kinangoja damu ya mara ya tatu, na mzee akamwahidi. Alisema Bihogo atamkuta pale.

Halafu habari za mapigano zikakaribia, na watu wakaanza kuuza. Wachuuzi wanawapeleka ng'ombe kwa miguu mpaka Walikale, kwenye machimbo ya Omate, ambako wachimbaji wanataka nyama. Mzee aliuza wanne kwa siku moja, na Bihogo alikuwa mmoja wao. Hakumwambia mtu. Siku mbili baadaye Dokotera akafika na sanduku lake, mbio kama kawaida.

Baba mkwe wangu aliingia zizini, akatoka na ng'ombe mwekundu wa giza, mzuri, mwenye kiwele. "Bihogo huyu," akasema.

Hakuwa Bihogo. Bihogo aling'atwa na mbwa akiwa ndama, sikio lake la kushoto lina pengo unaloweza kupitisha vidole viwili. Huyu masikio yake yalikuwa mazima. Alikuwa Keza, binti yake, wa rangi moja na wa mwendo mmoja, ambaye hajawahi kuugua hata kikohozi. Nilimtazama Keza, nikamtazama mzee. Yeye alikuwa anatazama mlima.

Kuna jambo la ukoo ambalo wasomaji wa mbali huenda wakaliona dogo. Mkamwana wa wafugaji hataji hata jina la baba mkwe wake. Kama jina lake lina neno la siku zote, utalizunguka neno hilo maisha yako yote. Hukai kiti alichokaa. Na kumwambia mbele ya mgeni kwamba anachosema si kweli, hilo halina hata jina, kwa sababu hakuna aliyewahi kulifanya. Dokotera aliniuliza kama kawaida, bila kuinua macho kwenye sindano: nani, mara ya ngapi. Nikaandika: Bihogo, mara ya tatu. Mwandiko ulikuwa mzuri kabisa.

Jioni nilimsikia mzee anamwambia mume wangu kwamba hajadanganya mtu. Mama na mtoto, alisema, damu iko moja. Bihogo ameondoka lakini damu yake amemwachia binti yake, na mgeni amepata kilekile alichoahidiwa. Alilala vizuri. Mimi niliyekuwa nimesoma biolojia ya sekondari sikulala.

Mara kwa mara watu huniuliza kama Dokotera alikuwa mwoga. Nawapa habari ya Itebero. Siku chache baada ya ile damu ya Keza, alisikia kwamba ng'ombe wa kwetu wakiteremka msituni, kwenye joto, baada ya kutembea siku nyingi, wale wenye ugonjwa uliolala ndani hurudia kuugua. Akataka damu yao. Barabara ya kawaida ilikuwa imefungwa na wachuuzi walikuwa wanazungukia Itebero, kijiji cha msituni, kwa hiyo na sisi tukaenda Itebero, pikipiki mpaka inapoishia njia ya pikipiki, halafu miguu. Alikuwa na chupa nene ya azoti, ile hewa inayopozwa mpaka inakuwa maji, na ukifungua kifuniko inatoa moshi mweupe. Kwenye kizuizi kimoja vijana wenye bunduki walisema tumebeba madini ya Omate. Wakamwamuru afungue. Aliwaambia watafungua wao, lakini wajue mkono ukiingia mle hautatoka na vidole. Alikuwa ameshika saa yake, goti linatikisika, na akawauliza kama wataamua haraka kwa sababu RNA haingojake muntu. Mkubwa wao alicheka, akamuuliza hiyo RNA ni nani, na Dokotera akamweleza harusi na protokole, wima, jua la mchana. Wakatuachia tupite, na mmoja akatubebea mzigo mpaka mtoni.

Itebero tulikula lituma, ndizi zilizopondwa, na samaki wa mto. Asubuhi wachuuzi walikuwa wamepumzisha ng'ombe kando ya nyumba za mwisho, wamekonda, kwato zimepasuka. Mchungaji alikubali tutoe damu ya watatu tu, kwa sababu alitaka kuondoka. Dokotera alianza kuchagua, na mimi nikafungua daftari. Ndipo kitu kikanisukuma mgongoni. Ilikuwa Bihogo. Ananinusa mfuko wa kitenge, pale ninapowekaga chumvi. Sikio lake la kushoto lilikuwa na lile pengo lake.

Dokotera aliinua kichwa. "Dada, huyu anakujua?"

Nilikuwa na muda wa kusema. Alikuwa hatua nne kutoka kwangu, sindano mkononi, na ng'ombe aliyekuwa anamtafuta dunia nzima amesimama katikati yetu. Neno moja, na damu ya mara ya tatu ingekuwa damu ya kweli. Lakini neno hilo lingemfanya baba mkwe wangu mwongo mbele ya mgeni wake, na mimi mwongo pamoja naye.

"Ngombe yote inapendaka chumvi, dada," nikasema.

Akatoa damu ya watatu wengine. Bihogo akaondoka na kundi kuelekea Omate, na Omate hakuna anayenunua ng'ombe ili amkamue. Njia nzima ya kurudi Dokotera aliimba, maana alifurahi na safari. Hilo la Itebero sijamwambia mpaka leo. Ninaliandika hapa kwa sababu siwezi tena kulibeba peke yangu, na akilisoma anajua pa kunipata.

Miezi ilipita. Siku moja nikiwa nachambua maharagwe akanipigia simu kutoka kwenye maabara yake, maneno yanakimbizana. Alikuwa ameisoma damu ya Bihogo yote. Ile protokole iliyojaa wakati wa ugonjwa, mara ya tatu imenyamaza kabisa, haiko. Kazi yake ikiisha inatoka ukumbini, alisema, na hakuna mtu aliyewahi kuiona inatoka hivyo. Maprofesa wamefurahi. Kitabu chake cha udaktari kitasimama juu ya hilo, na jina langu litakuwa kwenye ukurasa wa shukrani. Nilisema Mungu asifiwe. Nikarudi kwenye maharagwe yangu na sikuweza kutofautisha mabovu na mazima. Protokole haikutoka ukumbini. Kwa Keza haikuwa imeitwa hata siku moja.

Ningeweza kumpigia. Simu ilikuwa na chaji, na mtandao ulikuwa unapanda ukienda pale kwenye msalaba wa kanisa. Nilijiambia kesho, nikajiambia Jumatatu. Halafu vita vikafika kwetu kweli, na jambo la RNA likawa dogo.

Sitaeleza tulivyotoka. Ng'ombe waliobaki walichukuliwa mchana mmoja, na Keza akiwamo. Tulifika Lushebere, kwenye kambi, tukapewa turubai. Mume wangu alipata vibarua vya kulima mashamba ya wenyeji, na mimi, mtoto wa maharagwe, mikono yangu ikakumbuka jembe. Baba mkwe wangu ndiye aliyebaki bila kazi. Mfugaji asiye na ng'ombe hajui aweke wapi fimbo yake. Alikaa mbele ya turubai na kuwaeleza majirani kwamba ng'ombe wake mmoja hakuchukuliwa. Bihogo, alisema, yuko kwenye nyumba kubwa ya wasomi, kwenye baridi, na watu wenye makoti meupe wanamsoma kama Biblia. Vijana wa kambi walimtania: Papa, Bihogo ameamkaje leo? Yeye alijibu bila kutabasamu kwamba ameamka vizuri. Nilikuwa nageuza uso.

Mara ya mwisho nilipomwona Dokotera ni pale Lushebere. Alikuja kwa pikipiki, bila sanduku, bila glavu, na daftari langu la zamani kwenye mfuko wa plastiki. Alikuwa amepungua mwili. Alitupa mikono sote, akakubali kigoda, na goti likaanza.

Alisema amekuja kwa neno moja tu. Kabla ya kuitetea kazi yake, aliamua mwenyewe kuyasoma yale maandishi yasiyobadilika ndani ya damu, ili ahakikishe. Damu ya kwanza na ya pili ya Bihogo zinakubaliana herufi kwa herufi. Ya tatu inakubali nusu, nusu inakataa. Profesa wake anaona ni tyubu zilizochanganyika kwenye maabara. Na kama ni hivyo, basi hakuna tyubu hata moja inayoaminika, ng'ombe wote, miaka yote, kila kitu kinatupwa. Lakini kama kosa lilitokea huku, zizini, basi kinachoanguka ni ile habari moja ya protokole kutoka ukumbini, na mengine yote yanasimama. Kwa hiyo aliuliza.

"Papa, ile siku ya tatu, ile ngombe ilikuwa Bihogo?"

Majirani wawili walikuwa wamesimama karibu, walewale wanaomtania. Mzee aliinua kidevu.

"Ilikuwa Bihogo."

Dokotera alitikisa kichwa polepole. Sikuona hasira. Niliona mtu anayekunja kazi yake yote moyoni kama nguo, tayari kwenda kuitupa. Halafu akanitazama mimi. Alifungua tu daftari kwenye ukurasa ule na kuliweka juu ya magoti yake, mwandiko wangu mzuri ukiwa juu.

Nilimwogopa mzee, niliwaogopa majirani, niliiogopa ndoa yangu. Lakini nilikuwa nimeshanyamaza mara nyingi mno.

"Dokotera, haikuwa Bihogo," nikasema. "Ilikuwa mutoto wake. Mimi niliona sikio, na niliandika uongo."

Majirani waliondoka bila kuambiwa. Hao nawashukuru. Mume wangu aliyekuwa anapasua kuni aliacha shoka hewani, akalishusha. Baba mkwe wangu hakunitazama. Alitazama mikono yake, na nikaona kwa mara ya kwanza namna alivyozeeka, na niliona haya kama vile nimemvua nguo barabarani.

Alipozungumza, alizungumza na Dokotera. "Nilikuwa nimekupatia ahadi. Mugeni hawezi kufika akute ahadi iliuzishwa." Akaongeza: "Na damu iko moja. Mama na mutoto."

"Papa, iko nusu," Dokotera akasema kwa upole. "Nusu ya mama, nusu ya baba."

"Ile dume ya jirani," mzee akasema kwa chuki kidogo, na mume wangu akakohoa ili asicheke.

Dokotera alifuta macho kwa mkono wa koti. Alisema basi hiyo sehemu ataiondoa, ataanza upya na ng'ombe wengine, kama wako popote. Alisema pia asante, na asante hiyo aliisema kwangu, lakini ilikuwa kavu. Aliyekuwa karibu kuwa dokta sasa angengoja tena, miaka labda, na aliyemngojesha ni mimi. Sikutegemea anikumbatie. Alinipa kalamu.

Sikujua niikate vipi ile mistari. Ndipo sauti ikatoka juu yangu, sauti ya mzee, ambaye tangu niolewe hakuwahi kuniamuru kitu ila kwa kupitia mume wangu.

"Mukamwana, kata ile jina."

Nikalikata.

"Andika Keza."

Nikaandika. Akamgeukia Dokotera, akamuuliza kama damu yake Keza bado iko. Dokotera akamjibu kwamba iko, kwenye baridi, kwenye rafu moja na ya mama yake. Mzee alirudia maneno hayo, kwenye rafu moja na ya mama yake, kama mtu anayehesabu mifugo jioni na kukuta mmoja zaidi ya aliowategemea.

"Andika na kama alikuwa na maziwa."

Katika daftari lile kuna safu ya jina, ya rangi, ya sikio, ya homa, ya saa. Safu ya maziwa haiko. Nilimtazama Dokotera, na yeye akaweka kidole pembeni mwa ukurasa, pale penye nafasi nyeupe. Nikaandika kwamba Keza, binti wa Bihogo, mwenye masikio mazima, alikuwa na maziwa mengi. Baba mkwe wangu hajui kusoma, kwa hiyo akanitaka nimsomee. Nikamsomea, na alipotaka tena, nikamsomea tena.